Chanzo tegemezi cha mkondo ni nini?

Fundi wa redio pale karibu na soko la Kibuye, Kisumu, anapopima transista ya ampilifaya, anagusa kwa ncha za mita kitu ambacho kwenye daftari la mwanafunzi huchorwa kama almasi yenye mshale ndani. Miliampea 0.2 zikiingia kwenye bezi (mguu unaodhibiti) ya transista inayokuza mara 100, kolekta (mguu unaodhibitiwa) inapitisha miliampea 20. Bezi ikikauka, kolekta nayo inakauka. Hicho ndicho chanzo tegemezi cha mkondo: hakijipangii kiasi, kinafuata mkondo au volteji ya mahali pengine katika saketi. Chanzo huru, kile cha duara, hakimwangalii mtu.

Tufanye hesabu moja. Betri ya volti 12 inasukuma mkondo i kupitia rezista ya omu 3 hadi kwenye nodi, yaani mahali waya zinapokutana. Kutoka nodi hiyo, rezista nyingine ya omu 3 inashuka hadi ardhini. Kando yake kuna almasi inayotoa mkondo ardhini na kuuingiza kwenye nodi, na kiasi chake ni 2i. Kwa kanuni ya Kirchhoff, mikondo inayoingia kwenye nodi ni sawa na inayotoka, kwa hiyo rezista ya chini inabeba i + 2i, yaani 3i. Ukizunguka kuanzia betri: 12 = 3i + 3(3i) = 12i. Basi i ni ampea 1, na volteji ya nodi ni 3 × 3, yaani volti 9.

Sasa nguvu, na hapa ndipo wengi huteleza. Betri inatoa wati 12. Rezista ya kwanza inakula wati 3, ya pili wati 27. Jumla inayoliwa ni 30, na betri imeleta 12 tu! Zile 18 zimetoka kwenye almasi: ampea 2 mara volti 9.

Almasi imezipata wapi? Mchoro hausemi. Kwenye ampilifaya halisi zinatoka kwa pawa saplai, ambayo mchoraji ameificha ndani ya almasi. Mfikirie mtu anayefungua lango la mfereji kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero huku jicho lake liko kwenye mfereji wa jirani: yeye anaamua kiasi, lakini maji yameletwa na pampu kutoka mto Nyando.

Shusha betri iwe volti 6. Mkondo i unakuwa ampea 0.5, nodi inashuka hadi volti 4.5, na almasi inatoa wati 4.5 tu, robo ya zile za mwanzo. Ukiizima kabisa betri, almasi inakufa nayo. Lakini usiifute kwenye mchoro unapotafuta ukinzani wa Thévenin, yaani ukinzani mmoja unaowakilisha saketi nzima ukiitazama kutoka ncha zake mbili. Vyanzo huru ndivyo vinavyozimwa, almasi inabaki, na kwa kawaida utalazimika kuweka chanzo cha majaribio kwenye ncha hizo ili upate jibu.

Angalia mshale pia. Mwanafunzi mmoja aliniletea saketi hii hii akiwa amepata 12 = 0, ameirudia mara tatu na kalamu imeanza kutoboa karatasi. Hesabu yake ilikuwa sahihi kila mara. Alikuwa amechora mshale wa almasi ukitazama chini.