"Hii B njo nini?" Dhana potofu kuhusu kuwagawa wanafunzi kwa uwezo

Septemba ile orodha mbili zilibandikwa kwenye mlango wa direkta: mwaka wa tano A, mwaka wa tano B. Mama mmoja alifika moja kwa moja kutoka soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, beseni lake bado mkononi, akapitisha kidole kwenye majina mpaka akamkuta mwanawe upande wa B. Akanigeukia: "Mwalimu, hii B njo nini? Mutoto wangu alishakuwa mujinga?"

Orodha zile zilipangwa kwa pursanteji za Julai, yaani asilimia za matokeo ya mwisho wa mwaka. Wenye alama za juu A, waliobaki B. Nikamwambia ni mpango wa shule tu, asijali. Jibu lile linaniuma mpaka leo.

Direkta hakuwa mtu mbaya. Tangu shule ya msingi ya serikali ifanywe ya bure mwaka 2019, watoto wamefurika hapa Bukavu. Ukiwa na sabini mbele yako, wengine wanasoma ukurasa mzima na wengine bado wanatafuta herufi, lazima utafute njia. Kuwatenga kwa kiwango cha akili ndiyo njia inayokuja kwanza kichwani, na imezungukwa na imani nyingi ambazo hazina msingi au ni kweli nusu tu. Nazichukua moja moja.

"Wakitengwa, wote watasonga mbele."

Robert Slavin, mtafiti wa Marekani, alikusanya tafiti za shule za msingi mwaka 1987 na za sekondari mwaka 1990. Alikuta kwamba kuwapanga watoto katika madarasa ya kudumu kwa uwezo hakuongezi ufaulu wao kwa jumla. Faida inakaribia sufuri. Mwenzake Jeannie Oakes aliingia ndani ya madarasa yenyewe. Mwaka 1985 alieleza alichokiona: walio juu wanafundishwa kufikiri, kujadili na kuandika, walio chini wanarudia mazoezi yaleyale na kusisitiziwa utii. Kwa hiyo mwisho wa mwaka pengo lililopimwa limechanganyika na lile ambalo shule yenyewe imelichimba.

Kwetu liko jambo jingine ambalo kila mwalimu analijua. Nani anapewa B? Mwalimu mkongwe, mwenye sifa ya kupitisha watoto kwenye mtihani wa taifa wa mwaka wa sita, anawekwa A. B anapewa aliyefika mwisho, mara nyingi NU, yaani mwalimu ambaye serikali bado haijamwingiza kwenye orodha ya mishahara. Anafundisha akiwaza atakula nini jioni. Vitabu vikiwa havitoshi, vinaanzia A. Halafu Julai tunasema watoto wa B ni wazito.

"Kenya walijaribu, ikafaulu."

Hili ni kweli, na wanaolisema wanastahili kusikilizwa. Lakini husimuliwa nusu.

Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya jaribio katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, nchi ambayo nayo ilikuwa imefuta ada za shule ya msingi mwaka 2003 na kujaza madarasa. Kila shule ilipewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza, darasa likagawanywa mawili. Katika karibu nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa alama zao za mwanzo, katika nyingine kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, shule zilizogawa kwa alama zilikuwa mbele, na waliokuwa chini walifaidika pamoja na waliokuwa juu.

Sasa tazama mambo mawili. Kwanza, mwalimu wa kundi la juu na wa kundi la chini walipatikana kwa kura. Kundi la chini halikuachiwa mwalimu aliyebaki. Pili, watoto waliokuwa katikati kabisa, wale waliokosa nafasi ya juu kwa alama kidogo, walimaliza sawa na wenzao walioipata kwa alama kidogo. Maelezo ya watafiti ni kwamba mwalimu aliweza kufundisha pale watoto walipo. Tuulizane kwa haki: hapa Bukavu ni shule gani iliyowahi kupiga kura kujua nani atafundisha B? Hatuwezi kuchukua orodha ya Kenya na kuliacha sharti lake.

"Alama zinaonyesha akili ya mtoto."

Mtoto wa yule mama niliishia kumfundisha mimi. Wiki ya pili niliandika ubaoni swali la hesabu kwa Kifaransa: mama ananunua, anatumia kiasi fulani, anabakiwa na ngapi. Alinakili kwa mwandiko mzuri, mstari kwa mstari, chini yake hakuandika kitu. Wakati wa kutoka nilimwita mezani.

"Sikia. Mama amenunua makopo sita ya samaki sambaza. Kopo moja ni franka 2,500. Ametoa noti ya 20,000. Anarudishiwa ngapi?"

"Elfu tano, mwalimu." Alijibu kabla sijamaliza kuweka chaki chini.

Kilichomfunga kilikuwa neno *dépenser*, yaani kutumia pesa. Nyumbani kwao wanaongea Mashi, mtaani Kiswahili. Miaka ya kwanza ya shule programu inataka tufundishe kwa Kiswahili, halafu Kifaransa kinachukua nafasi na mtihani unapima vyote kwa pamoja: hesabu, jiografia, na Kifaransa kilichojificha ndani yake. Mtoto ambaye baba yake anamsomea Kifaransa nyumbani Muhumba, mtaa wa wenye nacho, anaonekana ana akili ya hesabu. Niliwapima hivyohivyo, kwa mdomo na kwa Kiswahili, watoto wengine wa B, na huyo hakuwa peke yake.

"Wadogo hawatambui."

Wanatambua siku ya kwanza. Ukiita makundi Simba na Twiga, kufikia Ijumaa wanajua Twiga ndio wasiojua kusoma. Na mwalimu naye anatambua, hapo ndipo hatari. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walitoa matokeo ya jaribio la California: waliwaambia walimu kwamba watoto fulani wangechanua mwaka huo, kumbe majina yalichaguliwa kwa bahati tu. Katika madarasa ya kwanza na ya pili watoto hao walipanda kuliko wenzao. Wataalamu wamebishana sana juu ya ukubwa wa matokeo hayo, lakini nimejiona mimi mwenyewe nikisubiri jibu la mtoto wa A na kuruka la mtoto wa B.

"Wenye akili watarudishwa nyuma."

Ufini iliondoa makundi ya uwezo katika hesabu na lugha za kigeni mwaka 1985. Mtihani wa kimataifa wa PISA ulipoanza mwaka 2000, wanafunzi wake waliongoza katika kusoma. Sisemi kimoja kilileta kingine. Nasema hawakuzama.

"Basi makundi yote yafutwe."

Hapana. Shirika la Pratham la India limejenga njia ambayo imefika Zambia na Côte d'Ivoire. Kila mtoto anapimwa peke yake kwa dakika chache: anajua herufi, neno, aya au hadithi? Kwa saa moja au mbili za siku watoto wa madarasa tofauti wanakaa pamoja kwa kiwango hicho, wanafundishwa kusoma au hesabu, kisha kila mmoja anarudi darasani kwake. Wanapimwa tena baada ya wiki chache na wanahama. Kundi ni la somo moja na la muda mfupi, wala halimfuati mtoto nyumbani.

Mama yule alirudi Januari. Safari hii nilimpa maswali matatu ya kumpelekea direkta: nani anafundisha B, watapimwa tena lini, na mwaka uliopita wangapi walitoka B kwenda A. Nilisimama naye mlangoni. La kwanza lilijibiwa, la pili likajibiwa "Julai". Kwa la tatu direkta alifungua daftari la mwaka uliotangulia, akafuata majina kwa kalamu mpaka chini, akageuza ukurasa, akarudi juu, akaanza kuhesabu upya.

"Hakuna, mama," akasema. Kisha akanitazama mimi, akaniuliza kipimo kile cha mdomo kinachukua dakika ngapi kwa mtoto mmoja.