Moyo umechoka, mbona mnaupunguzia kasi?

"Daktari, kutoka Wandegeya hadi juu hospitali ya Mulago, hapa Kampala, napumzika mara tatu. Halafu mnanipa dawa ya kuupunguzia moyo kasi?" Wazee huniuliza hivi kliniki, na ni swali la haki.

Moyo wenye afya ukienda mbio hauongezi idadi ya mapigo tu, kila pigo nalo hupata nguvu. Bowditch, Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti Leipzig, Ujerumani, aliliona hilo mwaka 1871 kwenye moyo wa chura: alipoushtua kwa umeme upesi upesi, mapigo yalipanda nguvu ngazi kwa ngazi. Siri ni kalsiamu. Kwa kila pigo, kalsiamu kidogo huingia kwenye seli ya misuli na kufungulia akiba iliyomo ndani, misuli hukaza. Kisha pampu ndogo sana huirudisha ghalani, misuli ikalegea. Mapigo yakifuatana haraka, inayoingia huzidi inayotolewa nje, ghala linajaa, na pigo linalofuata huwa na kishindo.

Kwenye moyo uliodhoofika, pampu hizo zimechoka. Ukiuharakisha, ghala halijai na misuli hailegei vizuri. Nguvu hushuka badala ya kupanda.

Kuna na suala la muda. Kwa mapigo 60 kwa dakika, kila pigo lina sekunde nzima, na takriban theluthi mbili yake ni mapumziko. Kwa 120 inabaki nusu sekunde, na kinachokatwa zaidi ni mapumziko hayo hayo, wakati moyo unapojaa damu. Vijana wetu ambao valvu, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, imebanwa na makovu ya homa ya baridi yabisi ndio huumia zaidi: damu haiwahi kupita, inarundikana mapafuni.

Kwa hiyo mzee wangu, bisoprololi, dawa hiyo ya kupunguza kasi, huanza kwa dozi ndogo, ikaongezwa polepole. Siku za mwanzo unaweza kujisikia mchovu zaidi. Usiiache ghafla, njoo tuzungumze.

Wenye mapigo ya chini mno huwekewa kifaa, kile wanachokiita betri ya moyo. Baadhi ya vifaa hivyo huhisi mwili ukitikisika na kupandisha mapigo, vikidhani unatembea. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo yaweza kuvihadaa. Ukihisi moyo unakimbia ukiwa umekaa nyuma ya boda, tuambie siku ya kupimwa. Tutakirekebisha bila kukupasua.