Je, wajua kwa nini marabi tisa hawatoshi, lakini washona viatu kumi wanatosha?

Ni Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndani ya sinagogi wapo watu tisa. Mmoja wao amefiwa na mama yake, naye amekuja kusema Kadishi, sala ambayo mtoto humsomea mzazi aliyefariki kila siku kwa miezi 11. Rabi yupo, vitabu vipo, taa zinawaka. Lakini Kadishi haianzi. Wanachungulia dirishani, wanapiga simu huku na huku. Asipotokea mtu mwingine, kila mmoja atamaliza sala zake kimyakimya, na mfiwa atarudi nyumbani na Kadishi yake kifuani.

Wayahudi wana msemo wa siku nyingi: marabi tisa hawafanyi miniani, washona viatu kumi wanafanya. Miniani ni idadi ya watu kumi, na bila hao Kadishi haisemwi wala Torati haisomwi hadharani na baraka zake. Usomi wa rabi hauongezi kitu kwenye hesabu, maana naye ni mtu mmoja. Kwa hiyo rabi mpya anayetaka sinagogi lenye mlango mkunjufu aanze na swali moja: mtu wa kumi atatoka wapi, na akishafika, nini kitamfanya arudi? Wengi huanza na hotuba nzuri na mabango, kisha hushangaa kwamba viti bado vitupu.

Kwa nini kumi? Jibu limo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 13 na ya 14. Musa alituma wapelelezi 12 Kanaani. Yoshua na Kalebu walirudi na moyo, kumi waliobaki wakawavunja watu nguvu, na Mungu akawaita “mkutano mwovu”. Walimu wa Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, walihesabu: kama hao kumi wameitwa mkutano, basi mkutano ni watu kumi. Hebu fikiria, kipimo cha kusanyiko takatifu kimetokana na watu kumi waliokosea! Anayeingia mlangoni haulizwi kwanza kama ni mwema.

Anaulizwa kama anahesabika, na hapa mirengo ya dini ya Kiyahudi inatofautiana. Waothodoksi huhesabu wanaume waliotimiza miaka 13. Mrengo wa Mageuzi huhesabu na wanawake, na mrengo wa Konsavativu uliruhusu jambo hilo Marekani mwaka 1973. Mgeni asiye Myahudi hukaribishwa kuketi, kusikiliza na kula, lakini hahesabiwi. Aambiwe hivyo waziwazi na kwa upole kabla sala haijaanza, asije akaruka kwa furaha kudhani ameitimiza kumi, halafu watu waanze kutazamana.

Hata kuhesabu kwenyewe kuna adabu yake. Vichwa havihesabiwi moja, mbili, tatu, kwa sababu Maandiko yanaogopa kuhesabu watu kama mifugo, na msiba uliofuata sensa ya Daudi haujasahaulika. Anayehesabu hutumia Zaburi 28:9, aya inayoanza “Uwaokoe watu wako”. Kwa Kiebrania ina maneno kumi kamili. Kila mtu anapewa neno lake: Hoshia, et, amecha, na kuendelea. Neno la mwisho, haolam, likipata mtu, sala inaanza. Likikosa mtu, wanasubiri. Waswahili tuna methali, mgeni njoo mwenyeji apone. Sijui mahali inapotimia neno kwa neno kuliko hapo.

Sasa vitendo. Watu kumi waaminifu hawatoshi kupata watu kumi kila asubuhi, kwa sababu huyu anaumwa na yule yuko safarini. Rabi aandike majina 14 kwa kila siku, ampe mtu mmoja kazi ya kuwapigia simu jioni iliyotangulia, na awe na wawili wanaoishi karibu ambao wamekubali kuitwa dakika za mwisho. Jumatatu na Alhamisi zipewe uzito zaidi, kwani ndizo siku za kazi ambazo Torati husomwa.

Afrika Mashariki tunao mfano wa rabi aliyerudi nyumbani na kazi hii mkononi. Jamii ya Kiyahudi ya Abayudaya, karibu na Mbale nchini Uganda, ilianzishwa na kiongozi wa Kiganda Semei Kakungulu karibu mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, na utawala wake ulianguka Aprili 11, 1979, siku ambayo jioni yake Pasaka ya Kiyahudi ilianza. Gershom Sizomu, mwana wa jamii hiyo, alisomea urabi Los Angeles, akatawazwa rasmi kuwa rabi mwaka 2008, akarejea kilima cha Nabugoye. Pale sala husikika kwa Kiebrania na Kiluganda, kwa nyimbo ambazo jamii ilizitunga yenyewe, na wanawake wanahesabiwa. Mgeni anayesikia Zaburi kwa lugha ya sokoni hahitaji kuambiwa kwamba ni ya watu wote.

Turudi mlangoni, maana hapo ndipo kuna mtihani mgumu kuliko yote. Januari 15, 2022, mjini Colleyville, Texas, Rabi Charlie Cytron-Walker alimfungulia mtu aliyebisha, akampa chai. Mtu yule alikuwa na bastola, akawashika mateka watu wanne, rabi mwenyewe akiwemo. Mmoja aliachiwa, waliobaki walitoka baada ya takriban saa 11, rabi alipomrushia kiti wakakimbia. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema “mlango uwe wazi tu”. Njia inayofaa ni kuweka watu wawili. Mlinzi akague mkoba, na hiyo iwe kazi yake tu. Hatua tano ndani asimame mkaribishaji, mwenye kikapu cha kofia kwa wanaume waliokuja kichwa wazi, na salamu yake isiwe na ukaguzi ndani yake. Ukimpa mtu mmoja kazi zote mbili, mgeni atakumbuka ukaguzi.

Mkaribishaji afundishwe pia yasiyoulizwa. “Umebadili dini?” ni swali lisilofaa, na Talmudi yenyewe inafundisha: aliyeongoka hakumbushwi alikotoka.

Kisha kiti. Mgeni ameketi, mara mzee anamsimamia: “Hapo ni mahali pangu.” Mzee ana hoja, kwani Talmudi inamsifu mtu mwenye mahali maalumu pa kusalia. Basi rabi asimkaripie; amwoneshe sheria inaendeleaje. Wafafanuzi walisema kila kilicho ndani ya dhiraa nne, kama mita mbili hivi, ni mahali palepale. Akisogea viti viwili hajapoteza kitu, na mgeni hajainuliwa. Jambo hili lisemwe mapema, siku ambayo hakuna mgeni, ili lisimwaibishe yeyote.

Kitabu cha sala hufunguliwa kutoka kulia, na sala ya Sabato asubuhi inaweza kuchukua muda wa saa tatu. Mgeni akipotea ukurasa wa 20 hujiona mjinga mpaka mwisho. Ukurasa utajwe kila unaporukwa, kwa sauti, pamoja na “simameni” na “ketini”. Baraka za anayeitwa kwenye Torati ziandikwe kwa herufi kubwa za Kilatini kwenye kadi, ikae pale pale mezani.

Kumpa mgeni heshima ni jambo zuri, ila si kila heshima ni ya mgeni. Kufungua kabati takatifu, linalohifadhi magombo ya Torati, kunamfaa Myahudi yeyote aliyefika leo. Kuinua gombo la Torati ni habari nyingine. Gombo laweza kupita kilo 10, na uzito wake huhama. Kiebrania husomwa kulia kwenda kushoto, kwa hiyo mwaka wa kusoma Torati unapoanza, karibu Oktoba, ngozi yote ambayo haijasomwa imejikunja upande wa kushoto, na mkono wa kushoto ndio dhaifu kwa wengi. Katikati ya mwaka, Mambo ya Walawi yanaposomwa, pande mbili hukaribiana. Huo ndio wakati wa kumjaribu mgeni mwenye nguvu. Aambiwe kabla: fungua safu tatu za maandishi, vuta gombo mpaka nusu itokeze nje ya meza, kandamiza mishikio chini ili ukingo wa meza ukusaidie kunyanyua, kunja magoti, inuka, geuka watu waone, kisha keti kwenye kiti kilichowekwa nyuma yako. Kosa la kawaida ni kulinyanyua kwa mikono mitupu kutoka katikati ya meza. Gombo likianguka, mila inawataka waliokuwepo wafunge, na mgeni wa watu hatakanyaga tena hapo.

Baada ya sala huja divai, mikate miwili na chakula, na watu wengi huamua hapo kama watarudi. Kwa wanaoshika sheria, Sabato hairuhusu kupika, kwa hiyo maji ya chai huchemshwa Ijumaa, kabla ya mishumaa ya Sabato inayowashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Nairobi na Mbale tuna bahati: jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja hivi mwaka mzima, na ratiba haiyumbi kama ya Ulaya. Kinachoharibika ni hiki: mgeni mwema anaona birika linapungua, anajaza maji baridi, na kuanzia hapo wenyeji hawawezi kuyanywa. Bandika karatasi juu ya kifuniko. Vivyo hivyo mandazi ya nyumbani. Hayawezi kuandaliwa kwa sababu haijulikani kama karai lake limewahi kupikia chakula kilichokatazwa na sheria. Anayetaka kuleta kitu aambiwe mapema alete ndizi au machungwa mazima, yafike kabla ya jua kuzama Ijumaa.

Mwishowe kuna kalamu, ambayo haishikwi siku ya Sabato. Utapataje namba ya mgeni? Wapo wanaotumia kadi iliyochapwa mapema, yenye vipande vya kukunja pembeni: “nimefiwa, nahitaji miniani”, “nina watoto”, “nipigieni”. Kwa namba, mgeni hupewa karatasi ya namba ya sinagogi, na mkaribishaji hukariri jina lake. Nyota tatu zikionekana Jumamosi usiku, Sabato imekwisha: kalamu inachukuliwa, jina linaandikwa kabla halijasahaulika, na kwenye orodha ya Jumatatu linawekwa la 15, na alama ya kuuliza mbele yake.