Fildi Haifidiwi kwa Alama za Darasani: Ufafanuzi kwa Wanaosoma Huduma za Jamii Chuo Kikuu

Kila matokeo ya mafunzo kwa vitendo yanapotoka, dawati la taaluma hupokea barua za malalamiko. Msimu huu zimezidi, na nyingi zinasimulia mambo mawili tu. Kuna mhitimu mwenye shahada ya huduma za jamii ambaye amekataliwa usajili wa ofisa ustawi wa jamii. Kuna pia mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyefaulu masomo yote ya darasani, lakini jina lake halimo kwenye orodha ya wanaohitimu kwa sababu fildi yake, yaani mafunzo yake kwa vitendo kituoni, haikukubaliwa. Wengi wao ni watu wenye nia njema waliojiunga ili wasaidie wenzao, ndiyo maana tunaona vema kueleza mambo haya hadharani kuliko kumjibu mmoja mmoja.

Tuanze na usajili. Shahada ya huduma za jamii na shahada ya ustawi wa jamii ni programu mbili tofauti, hata pale zinapofundishwa katika jengo moja na kushirikiana wahadhiri. Marekani kila moja ina chombo chake cha ithibati: ustawi wa jamii uko chini ya Council on Social Work Education, na huduma za jamii zina Council for Standards in Human Service Education, kilichoanzishwa mwaka 1979. Anayetaka leseni ya ustawi wa jamii huko kwa kawaida lazima awe na shahada yenye ithibati ya chombo cha kwanza. England cheo cha ofisa ustawi wa jamii kinalindwa na sheria, na tangu Desemba 2019 daftari la usajili linashikwa na Social Work England. Anayejiita hivyo kwa nia ya kudanganya ilhali hamo daftarini anatenda kosa la jinai.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, liulize baraza la usajili la nchi unayokusudia kufanyia kazi kama linaitambua programu hiyo kwa jina lake kamili. Uliza kwa maandishi na utunze jibu. Si kwamba shahada ya huduma za jamii ni dhaifu. Wahitimu wake wanaendesha makazi ya wasio na makao, vituo vya kurekebisha waraibu na miradi ya vijana, na wanaifanya kazi hiyo vizuri. Shida huanza pale mtu anapoitumia kugonga mlango ambao haikutengenezewa.

Sasa fildi. Taaluma hii haikuzaliwa darasani. Wamarekani Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House, nyumba ya kuhudumia majirani maskini, Chicago, mwaka 1889, wakahamia kuishi mtaani pamoja na familia za wahamiaji walizozihudumia. Mafunzo rasmi yalifuata baadaye: kozi ya kiangazi ya New York mwaka 1898, na chuo cha Amsterdam mwaka 1899. Mpaka leo viwango vimebaki na msimamo huo wa kujifunza kwa vitendo. Marekani mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii hutakiwa kumaliza saa zisizopungua 400 za fildi, na wa uzamili saa 900. England ni siku 200.

Hoja tunayoisikia mno ni hii: “Nimefanya kazi kituo cha watoto miaka mingi, fildi ya nini tena?” Tumeijibu mara nyingi na jibu halijabadilika. Viwango vya ithibati vya Marekani vinakataza waziwazi kutoa alama za kozi za ustawi wa jamii kwa sababu ya uzoefu wa maisha au wa kazi ya nyuma. Kazini ulipimwa kama ulitimiza majukumu yako. Fildini unapimwa kama unaweza kueleza kwa nini ulichukua hatua ile na si nyingine, mbele ya msimamizi mwenye sifa, huku maamuzi yako yakihojiwa.

Hapo ndipo daftari la fildi linapoingia, na ndipo wengi wanapoanguka. Mwanafunzi anaandika: “Mteja ni mkaidi, hataki msaada.” Sentensi hiyo haimsaidii yeyote. Iandike upya: “Mteja amekosa miadi miwili. Anasema miadi inaangukia saa za kazi na mwajiri hamruhusu kutoka. Nimependekeza muda wa jioni, msimamizi amekubali.” Sasa tunaona kilichotokea, nani kasema nini, na hatua iliyofuata. Jaza siku ileile. Daftari lililojazwa wiki ya mwisho kwa kalamu moja na mwandiko wa haraka linajulikana hata kabla ya kufunguliwa.

Sahihi ya msimamizi ikighushiwa, kwa kawaida saa zote za kituo hicho hufutwa, hata zile ulizofanya kweli, na shauri hupelekwa kamati ya nidhamu. Picha za wateja ni kosa zito zaidi. Kumpiga picha mtoto aliye kituoni na kuiweka kwenye hali (status) ya simu yako, hata kwa maneno ya upendo, hata ukiwa umeficha jina, ni kuvunja siri ya mteja. Mtoto huyo huenda anafichwa dhidi ya mtu anayemtafuta, na ukuta ulio nyuma yake unatosha kuonyesha alipo. Hili halina onyo la kwanza.

Kituo kikikushinda, usiondoke kimyakimya. Zungumza kwanza na msimamizi wa kituo, kisha mwandikie mratibu wa fildi ukitaja tarehe na tukio, na uendelee kuripoti kazini hadi ujibiwe. Ukiwa na hofu juu ya usalama wako, au ukidhalilishwa kijinsia, utaratibu huo haukuhusu: toka hapo mara moja, mpigie mratibu siku hiyohiyo, na barua itafuata. Omba pia saa ulizokwisha fanya zithibitishwe kwa maandishi kabla hujahamishwa, kwani kituo kipya hakiwezi kusaini saa ambazo hakikuzisimamia.