Ujifunzaji kwa tatizo ni nini, na unatofautianaje na mhadhara?

Mzazi anayelipa karo ya mwanawe katika chuo cha udaktari hapa Uganda anaweza kupigiwa simu ya kumtia presha: "Baba, leo tumekaa saa mbili na mwalimu hakufundisha kitu." Mzee mmoja wa Busia ninayemfahamu alipoambiwa hivyo alitaka kupanda basi aende Kampala kudai pesa zake. Kumbe siku hiyo kijana alikuwa amefundishwa vizuri tu. Mwalimu alinyamaza makusudi.

Njia hiyo ndiyo ujifunzaji kwa tatizo. Wanafunzi wa Mulago, hospitali ya kufundishia ya Makerere pale Kampala, wanaiita kwa herufi tatu tu, PBL ("problem-based learning"), na ukiwauliza jina lake la Kiswahili wanakuna vichwa. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anaanza na mgonjwa, kisha ndipo anakwenda kutafuta elimu ya kumwelewa mgonjwa huyo. Kwenye mhadhara, au lekcha kama wengi tunavyosema, elimu hutangulia na mgonjwa hufuata, pengine baada ya miaka miwili. Watu hudhani njia hizi zinatofautiana kwa nani anaongea, mwalimu au mwanafunzi. Mimi naona kinachozitenganisha ni lini swali linaingia kichwani: kabla ya jibu au baada yake.

Tuingie chumbani tuone. Wanafunzi wanane, meza moja, ubao mmoja. Karatasi inasomwa kwa sauti: mtoto wa miaka mitatu, kutoka Tororo, ana homa ya siku tatu, hajala tangu jana, usiku amepata degedege, na mkojo wake umekuwa mweusi. Wanaanza na maneno. Degedege ni nini hasa, na utaitofautishaje na mtoto anayetetemeka kwa baridi ya homa? (Neno lenyewe lina mambo yake, wazee wengi waliihusisha degedege na ndege wa usiku.) Halafu kila mmoja anamwaga alichonacho. Huyu anasema malaria imepanda kichwani, yule anasema ni homa ya uti wa mgongo. Mwingine anauliza swali linalowanyamazisha wote: kama vimelea vimo ndani ya damu, ubongo unaingiaje katika kesi hii?

Hapo mwezeshaji, maana katika njia hii mwalimu huitwa hivyo, inabidi aume ulimi. Jibu analijua. Akilitoa tu, kazi imeharibika. Anauliza, "Sasa mtajuaje?" Swali linaandikwa ubaoni pamoja na wenzake: mkojo unageukaje kuwa mweusi? Mtoto kutokula kunahusikaje? Hayo ndiyo malengo yao ya kujifunza. Wanatawanyika, huyu maktaba, huyu na simu yake kitandani, na baada ya siku mbili tatu wanarudi kuelezana.

Wakirudi, mmoja amekuja na habari ya sukari. Vimelea vya malaria hula glukosi kwa pupa, mtoto mwenyewe hajala, na ini lake dogo lina akiba kidogo. Tena ile kwinini tuliyoitegemea miaka mingi huchochea kongosho kumwaga insulini, sukari ikazidi kushuka. Ubongo ukikosa sukari, degedege inaweza kufuata. Ndiyo maana mtoto mwenye malaria kali akipata degedege hupimwa sukari papo hapo, faili likiwa bado halijaandikwa jina. Mwingine ameleta habari ya mkojo: chembe nyekundu za damu zimepasuka kwa wingi, rangi yake ikachujwa na figo. Wa tatu ana dozi ya atesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20. Mhadhiri mzuri angeyasema yote haya kwa dakika kumi na tano, sibishi. Lakini hawa walilala na swali siku tatu, na kitu ulicholala nacho siku tatu hakikutoki upesi.

Njia hii haikuzaliwa kwetu. Ilianza mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada, na aliyeipigia debe kuliko wengi ni daktari wa mishipa ya fahamu, Howard Barrows. Maastricht, Uholanzi, walipofungua shule yao ya udaktari mwaka 1974 waliipangia hatua saba, na hicho kikao cha Tororo nilichokieleza kinafuata hatua hizohizo kuanzia kufafanua maneno hadi kurudi kuelezana. Mfumo walioukimbia ulikuwa umeenea tangu ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 kuhusu vyuo vya udaktari kule Marekani: miaka miwili ya sayansi darasani na maabara, kisha miaka miwili wodini.

Makerere, ambako udaktari ulianza kufundishwa miaka ya 1920, walishikilia mfumo wa masomo yaliyotengana, anatomia peke yake, fiziolojia peke yake, hadi mwaka 2003. Ndipo wakageuka kuingia PBL, na wakaifunga pamoja na COBES, ule utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi vijijini wakakae kwenye vituo vya afya, waone maji watu wanayokunywa na vyoo wanavyotumia. Chuo cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, kilikuwa tayari na mwelekeo wa jamii. Mihadhara yenyewe haikufa. Nenda leo utaikuta.

Kuna mwalimu wa tatu tusiyemtaja sana, naye ni kitanda. Kufundishwa kando ya mgonjwa, raundi ya wodi, ni njia kongwe, na hapa nyumbani ina kisa chake. Mwaka 1957 pale Mulago daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Wiki chache baadaye, Burkitt akiwa hospitali ya Jinja, alitupa macho nje dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule. Kama asingekuwa amemwona wa kwanza kwa macho yake, wa pili angempita hivihivi. Mwaka uliofuata akaandika kuhusu saratani ambayo dunia nzima sasa inaiita kwa jina lake.

Haya, ipi inashinda? Watu wamelinganisha kwa miaka mingi. Mwaka 1993 peke yake zilitoka tathmini mbili kubwa zilizokusanya tafiti za miaka iliyotangulia, na picha haikuwa ya kushangilia upande wowote. Waliofundishwa kwa tatizo walipenda masomo yao zaidi na walifanya vizuri kidogo upande wa kumhudumia mgonjwa. Kwenye mitihani ya sayansi za msingi, wale wa mihadhara mara nyingine waliwazidi. Mimi hilo halinishangazi. Mtihani wa kuchagua jibu kwa herufi unapima kilekile mhadhara unachokitoa. Mpeleke mwanafunzi huyohuyo kwenye OSCE, mtihani aliouleta Ronald Harden wa Dundee mwaka 1975, ambapo kengele inalia na unahama kituo hadi kituo, hapa unasikiliza moyo, pale unamwambia mama habari mbaya, na matokeo yanaweza kupinduka. George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari wa Marekani, alichora piramidi mwaka 1990 kueleza jambo hilo: chini kabisa ni kujua, juu yake kujua namna ya kufanya, kisha kuonyesha, na kileleni ni kufanya kwelikweli ukiwa kazini. Anayekuambia njia fulani ni bora, muulize kwanza alipima ngazi ipi.

Shida zetu za hapa ziko kwingine. Darasa la wanafunzi 100 ukiligawa kwa vikundi vya wanane unahitaji vyumba kumi na viwili au kumi na vitatu, na wawezeshaji idadi hiyohiyo, saa ileile. Wako wapi? Niliwahi kukaa katika kikundi cha watu ishirini, chuo sikitaji. Wanne waliongea, wawili walisinzia, waliobaki waliangalia simu. Na kuna ujanja ambao kila aliyepita huko anaujua: kugawana malengo. Wewe soma sukari, mimi nasoma mkojo, fulani asome dozi, kisha tutabadilishana karatasi. Kwa hiyo kila mtu anatoka akijua kipande chake. Hapo heri mhadhara, angalau wote wangesikia kitu kimoja. Na kuna mambo ambayo sioni haja ya kuyageuza fumbo. Mishipa ya mkono ilivyopangwa, mtu mwenye chaki akikuchorea vizuri, inatosha.

Kitanda nacho hakifundishi kwa kusimama kando yake tu. Katika hospitali moja ya magharibi mwa Uganda alilazwa mtoto wa mama Mkongo kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwenye homa na degedege. Mwanafunzi, kijana wa Kampala aliyekijua Kiswahili kiasi, alimuuliza mama habari ya mkojo. Mama akajibu: "Mukojo yake iko sawa chai." Kijana akaandika kwenye faili, mkojo sawa, akaendelea na maswali.

Asubuhi kwenye raundi daktari alisoma faili, akamtazama mtoto, akarudia swali. Mama akajibu vilevile. Kwao "sawa" ni "kama". Daktari hakumgeukia mwanafunzi. Alimuuliza mama tu, "Chai ya maziwa au chai ya rangi?"

"Ya rangi."

Kijana alikata mstari juu ya alichoandika, akaenda kutafuta kipima sukari.