Fangasi wa Ngozi: Maswali Mnayouliza Sana

Fangasi wa ngozi huambukizwa vipi?

Kwa kugusana, na kwa vitu vya kuchangia: taulo, kofia, kitana, mashine ya kunyolea. Fangasi hawa hula keratini, protini inayojenga ngozi, nywele na kucha. Kigamba cha ngozi kikibanduka au unywele ukikatika, hudondoka na spora (mbegu ndogo za fangasi), nazo huweza kukaa hai kwa miezi zikimsubiri mtu mwingine. Kuoga kila siku hakukukingi kama unajifutia taulo la mwenye choa.

Na wanyama?

Wamo. Paka, hasa wadogo, hubeba *Microsporum canis*, wakati mwingine bila dalili yoyote. Fangasi wa mnyama huvimbisha ngozi zaidi, ila kwa kawaida haendi mbali kutoka mtu hadi mtu.

Mbona mapunye huwashika zaidi watoto?

Mafuta ya kichwani hubadilika mtu akibalehe, na asidi zilizomo huwazuia fangasi. Lakini mtu mzima anaweza kuwabeba bila kujijua, akamwambukiza mtoto tena baada ya kutibiwa.

Ni kweli fangasi wa zamani si wa leo?

Kweli kabisa. Hadi katikati ya karne ya 20, mapunye ya watoto Ulaya na Marekani yalisababishwa zaidi na *Microsporum audouinii*. Huyu alikuwa rahisi kumnasa: nywele alizozishambulia hung'aa kijani chini ya taa ya Wood, yaani taa ya miale ya urujuanimno, kwa hiyo darasa zima lilikaguliwa upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaja griseofulvini, dawa ya kumeza, naye akarudi nyuma. Marekani nafasi yake ikatwaliwa na *Trichophyton tonsurans*, anayejificha ndani ya unywele wenyewe. Chini ya taa ile hang'ai. Unywele hukatikia usawa wa ngozi na kuacha vidoa vyeusi, na mara nyingine huonekana kama mba tu. Ukaguzi wa taa peke yake ukawa haufai tena.

Miguuni anatawala *Trichophyton rubrum*, aliyesambaa duniani katika karne hiyo hiyo. Safari, vita, viatu vya kufunga na mabafu ya pamoja vilimbeba.

Kwa nini siku hizi dawa zinagoma?

Mara nyingi mtu ameacha dawa mapema, au hakuwa na fangasi tangu mwanzo. Lakini usugu upo. *Trichophyton indotineae*, aliyepewa jina hilo mwaka 2020, ameenea kutoka Asia Kusini, na wengi wa aina hii hawasikii terbinafini, dawa inayotumika sana kutibu fangasi. Wagonjwa wa kwanza Marekani waliripotiwa New York mwaka 2023.

Ninachokilaumu zaidi ni krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho. Muwasho unatulia siku chache tu, wekundu unafifia, mtu anadhani amepona. Kumbe kinga ya ngozi imelazwa, fangasi anatanuka, na mgonjwa anaendelea kuambukiza watu nyumbani. Hata daktari hupata shida kuutambua ugonjwa, kwa kuwa ile duara yenye kingo zilizoinuka imeshapotea.

Nipake hadi lini?

Kwa choa cha mwilini, kwa kawaida wiki 2 hadi 4, usiishie siku doa linapofutika. Mapunye yanahitaji dawa ya kumeza, kwa wiki kadhaa, maana krimu haifiki kwenye shina la unywele. Wenye dalili nyumbani watibiwe kwa wakati mmoja. Doa lisilopungua baada ya wiki 2 likakwanguliwe na kupimwa maabara kabla ya kubadilisha dawa.