Lenzi imewekwa, sasa ziba jicho zima

Hapa Kisumu, mtoto akija kwangu na jicho lililoumia, kilichomuumiza huwa ni kitu kidogo tu: kijiti, mwiba, jiwe la manati, kalamu ya mwenzake darasani. Maumivu hupoa, watu wakasahau. Baadaye mama anaona katikati ya mboni pamekuwa peupe kama maziwa.

Huo ni mtoto wa jicho. Lenzi yetu ya asili imefunikwa kwa kifuko chembamba mno. Kikichanika, maji ya ndani ya jicho huingia na lenzi hugeuka nyeupe, pengine kwa siku chache tu. Ajali ikitokea, msilikande jicho wala kuchomoa kilichochoma. Lifunikeni kwa kitako cha kikombe cha karatasi bila kuligandamiza, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, ikiwa imepasuka, mara nyingi tunaishona kwanza na kuacha jicho litulie. Kisha, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, tunanyonya lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia ndani ya kifuko kile kile, kikiwa bado kinaweza kuibeba. Kwa mtoto mdogo tunatoboa pia ukuta wa nyuma wa kifuko, maana tukiuacha nao hufanya ukungu.

Wazazi huniuliza kama jicho halitaikataa plastiki. Huwasimulia habari za Harold Ridley, daktari Mwingereza aliyewatibu marubani wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliona vipande vya plastiki ya vioo vya ndege vimekaa machoni mwao bila kuleta uvimbe. Tarehe 29 Novemba 1949, jijini London, akaanza kuweka lenzi ya plastiki ya namna hiyo.

Lakini kinachoninyima usingizi ni yanayofuata. Hadi miaka saba au minane hivi, ubongo bado unajifunza kuona, na jicho lililokaa gizani huachwa nyuma. Lenzi peke yake hairudishi kilichoachwa. Ni lazima mtoto avae miwani, na jicho zima, yaani lile lisiloumia, lizibwe ili lililoumia lilazimike kuona, kwa saa alizopangiwa na daktari, kila siku, kwa miezi.

Mvulana mmoja wa miaka mitano, kutoka Ahero, alipasuliwa vizuri kabisa. Aliporudi kliniki, jicho lile liliweza kuhesabu vidole vyangu tu.

“Daktari, alikuwa analia. Nikamwonea huruma, nikambandua plasta,” nyanya yake akasema.

Sikumlaumu. Nilimweleza upya, polepole, nikamwomba ampe kijana kazi ya macho wakati jicho limezibwa. Akachagua kazi ya nyumbani kwao: kuchambua mchele. Kila jioni, ungo magotini, plasta kwenye jicho zima, miwani juu yake.

Waliporudi tena, nyanya alifungua leso mezani pangu. Ndani mlikuwa na vijiwe kumi na vinne, vidogo kuliko punje.

“Hivi ni vya jana,” kijana akasema.